Pini Saba Mdomoni

Sehemu ya Tisa

Kisu hakikuanguka.

Najua wapo walioniandikia wakiapa kwamba Mama angemrukia yule mwanamke palepale mlangoni, damu ikamwagika juu ya unga. Hapana. Mama alibaki kama tulivyomwacha Jumamosi iliyopita: amesimama, kisu kipana cha Kichina mkononi, kabichi nusu upande huu wa ubao na nusu upande ule.

Na wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ingia, hukuchelewa. Hawa ni mafundi cherehani. Baba hushona suti. Mtaa mzima humwita Mzee Futi kwa sababu futi kamba haitoki shingoni mwake hata akienda kuzika. Mama hushona magauni na sketi za shule. Binti yao mkubwa ni muuguzi. Kitinda mimba ni kinyozi. Wa katikati alikuwa mpishi, na huyo walimzika miezi kumi na minne iliyopita.

Tangu siku ile Mama hula vijiko viwili tu na kusukuma sahani. Amelala au yu macho, huuliza jambo moja: "Alisema nini juu yangu?" Nyumba nzima hakuna mwenye jibu.

Matembezi haya aliyabuni Muuguzi. Darasa la mapishi ya Kichina, asubuhi, familia nzima, kwenye chumba cha juu cha mkahawa ule ule alikofanya kazi marehemu. Aliandikisha watu wanne. Mezani wakakuta mbao tano za kukatia. Mama alipouliza wa tano ni wa nani, mlango ukafunguka, akaingia mwanamke mwenye aproni ya bluu: muosha vyombo wa mkahawa, mtalaka, aliyemzidi mpishi miaka tisa. Huyo ndiye aliyemfanya kijana afukuzwe nyumbani kwao.

"Shikamoo, Mama," alisema.

Mama hakuitikia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alijibu Mzee Futi, kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Mama akamgeukia bintiye. "Ni wewe?"

"Haki ya Mungu si mimi, Mama."

"Basi wewe."

"Mimi?" Kinyozi alishtuka. "Mama, mimi ukinituma nimwite fundi bomba narudi na karanga. Mimi nitakumbuka kumwita mtu?"



"Nimemwita mimi," alisema Mzee Futi.

Mama alikiweka kisu chini polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Wewe? Wewe uliyesema mguu wake usikanyage kizingiti chako? Siku ya mazishi alisimama getini, jua la saa saba, hukumpa hata kiti. Nani alisema hivyo?"

"Nilisema mimi."

"Na leo?"

"Na leo pia nimesema mimi." Mzee Futi alishika ncha mbili za futi kamba yake, moja huku, moja kule, akazivuta. "Nimechoka kusikia swali moja mwaka mzima na sina la kukujibu. Mwenye jibu ni yeye. Muulize."

"Nimuulize huyu? Nimpe heshima ya kuniambia habari za mtoto niliyemzaa?"

"Basi usimuulize. Ukae nalo."

Mama akaanza kufungua kamba za aproni. Muuguzi akamshika mkono. Mama akauchomoa.

Ndipo Mwalimu alipogonga meza mara moja kwa kifimbo cha kusukumia.

Mwalimu ni bibi wa Kichina, mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizobanwa kwa nguvu. Mkahawa ni wake. Ameishi miaka thelathini katika mji huu na Kiswahili chake hakina adabu nyingi wala makosa mengi.

"Unga umekwisha pumzika," alisema. "Ukikauka haufungi. Kunjeni kwanza. Kugombana mtagombana, siwazuii, lakini mikono ifanye kazi."

Mama alisimama na kamba za aproni mkononi. Mwanamke huyu ana kasoro moja, au sifa moja, chagua mwenyewe: hawezi kuona kazi imelala mezani akaipa kisogo. Akaifunga tena aproni yake, akahamia pembe ya mbali ya meza, akavuta duara la unga bila kumtazama mtu.

Walikuwa wakitengeneza jiaozi. Ni vifuko vya unga, ndani nyama iliyosagwa na kabichi na tangawizi, mdomo wake hufungwa kwa kukunjwakunjwa, kisha huchemshwa au hupikwa kwa mvuke. Ukikosea kufunga, hupasuka majini, na unabaki na supu ya aibu.

Vidole vikaanza kukunja.

"Dada," Kinyozi alinong'ona, "hiki chako kipeleke kwanza kikafungwe bendeji."

"Na hicho chako je? Kama sikio la mtu aliyepigana baa."

"Afadhali sikio. Chako ni goti."

Mwalimu alipita nyuma yao, akakichukua kifuko cha Mzee Futi, akakigeuza. "Wewe fundi wa suti?"

"Miaka arobaini na mbili."

"Hiki hakitafunguka. Lakini umekifunga kama bahasha ya serikali. Mlaji ataogopa."

Hata Muuguzi alitabasamu. Mama hakutabasamu. Macho yake yalikuwa yametoka kwenye mikono yake mwenyewe, yakavuka meza, yakatua kwenye mikono ya yule mwanamke. Hayakutoka hapo.

Yule mwanamke alikuwa akikunja kutoka kulia kwenda kushoto. Kidole gumba ndani. Rinda la kwanza, la pili. La tatu akalirudisha nyuma kidogo, akalibana chini ya la pili, ndipo akaendelea. La nne, la tano. La sita akalirudisha.

Mama alivuta pumzi.

"Rinda la tatu unalirudisha kwa nini?"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu amjue.

"Ndivyo nilivyofundishwa, Mama."

"Na Mwalimu?"

"Mimi?" Mwalimu akatikisa kichwa. "Mimi nakunja kushoto kwenda kulia, sirudishi kitu. Mtoto wako alikuwa mbishi. Nilimwambia miezi sita. Akasema, 'Mwalimu, la tatu ukilirudisha, hata uvute haliachii.' Siku moja nikakasirika. Nikachemsha ishirini zake, ishirini zangu. Zangu mbili zikapasuka. Zake hakuna. Nikafunga mdomo wangu."

Mama alilishika duara la unga kwa vidole viwili, likaanza kuning'inia.

"Huo ni mkono wangu," alisema. "Sketi za shule. Nilimwonyesha ana miaka minane. Alikuwa akikaa chini ya meza ya cherehani, ananipokezea kitambaa. Fundi mwingine mjini hapa harudishi la tatu. Ni mimi tu."

"Aliniambia," yule mwanamke alisema. "Aliniambia, hivi ndivyo anavyokunja Mama yangu."

Mzee Futi alijifanya anatafuta tangawizi.

Hapo, msomaji, Mama alipiga moyo konde. Alikivuta kiti, akakaa ana kwa ana na mtu aliyemchukia miezi ishirini na miwili, akauliza:

"Alisema nini juu yangu?"

Mwanamke alimtazama Mzee Futi, kisha akayashusha macho.

"Baba aliniambia nitaulizwa hilo. Mama, nisikufiche. Njia nzima nimekuwa nikitunga maneno mazuri. Nimekuja tayari kukudanganya."

"Sitaki mazuri. Nataka yake."

"Yatakuumiza."

"Mimi naonekana mzima?"

Mwanamke alipangusa unga vidoleni, kimoja kimoja.

"Alisema hivi. 'Baba alinifukuza, na nimemsamehe. Baba ni mtu wa kusema, akishasema hajui pa kurudia. Ila Mama. Nilisimama mbele yake. Nikamuuliza, Mama, na wewe unataka niende? Akanitazama usoni. Akanyamaza. Akaniacha niende.'"

Sufuria ilikuwa ikichemka jikoni kwa nyuma. Hakuna aliyeisogelea.

"Hilo tu?" aliuliza Mama.

"Hilo ndilo alilolirudia. Kila mara."

Mama aliinua mkono wake wenye unga, akaugusa mdomo wake. Ukaacha alama nyeupe.

"Pini," alisema.

"Mama?"

"Nilikuwa na pini mdomoni."

Nyumba ya fundi ina sheria zake. Nyumba hii ilikuwa na moja kubwa kuliko zote: mwenye pini mdomoni hasemi. Zamani mwanafunzi wa Mzee Futi alicheka huku ameuma pini, akaimeza, akalala hospitali siku tisa. Tangu hapo ikawa amri. Mtu akikuuliza na una pini, unamtazama tu. Naye anangoja. Watoto wote watatu walikua hivyo. Walijua kungoja kabla ya kujua kusoma.

"Alikuja bibi harusi," Mama alieleza, na sauti yake ilikuwa kavu kama karatasi. "Amevaa gauni lenyewe, amesimama juu ya kigoda, nampindia chini. Mkono huu umeshika pindo. Mdomoni pini saba. Baba yenu alikuwa ameshasema aliyosema. Mtoto akaja akasimama hapa, mbele yangu, akaniuliza. Nikamtazama. Nikasema moyoni, atangoja. Wanangu wanajua kungoja. Nizichomeke hizi saba, kisha nimwambie, hutoki popote. Nikachomeka moja. Nikachomeka ya pili. Sikuharakisha, lile gauni lilikuwa jepesi, lingechanika. Nilipochomeka ya saba nikageuka. Mlango uko wazi."

"Si ungezitema tu, Mama!" Kinyozi alipasuka.

"Ningezitema," Mama alisema. "Kila siku nazitema."

Muuguzi alifunika uso wake.

"Nikasema atarudi Ijumaa, aje kuchukua nguo zake. Nitamwambia siku hiyo. Hakuja. Baba yenu akakataza jina lake lisitajwe dukani, nami nikatii, mpumbavu mimi, nikawa nangoja arudi mwenyewe. Miezi minane. Kisha wakanirudishia maiti." Akamgeukia yule mwanamke. "Kwa hiyo alikufa hajui."

"Hakujua, Mama." Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya mikono. "Hakujua. Ningejua mimi, ningekuja kwa magoti kumwambia."

Walikaa hivyo. Wanawake wawili, meza katikati, na vifuko vya unga vimepangwa mistari miwili vikiwa na mkunjo mmoja. Ungeletewa uvitenganishe, usingeweza.

"Marahaba," alisema Mama.

"Nini, Mama?"

"Uliniamkia saa nzima iliyopita. Sijakuitikia. Marahaba."

Mzee Futi alitoka mezani akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo. Mabega ya koti lake, alilolishona mwenyewe na kulipima mara tatu, yalikuwa yakicheza. Ni yeye aliyelileta jibu hili mezani. Alidhani ni dawa.

Ingekuwa heri mambo yaishie hapo. Lakini Mwalimu alikuwa amekunja uso muda mrefu, kama mtu mwenye hesabu isiyotoka.

"Mimi kuna kitu sielewi," alisema. "Nyinyi mnasema siku zote, alikufa kazini. Alikwenda kuchukua mboga za mkahawa, lori likapinduka."

"Ndivyo polisi walivyotuambia," Muuguzi alijibu haraka. Haraka kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ilikuwa Jumatatu. Jumatatu mimi nafunga. Miaka thelathini nafunga Jumatatu. Sikumtuma mboga. Lori lilikuwa linapeleka mboga sokoni kwenu, si kwangu. Alifuata nini?"

Wote wakamtazama yule mwanamke.

"Alikuwa anakuja nyumbani," alisema taratibu. "Nilidhani mnajua. Jumapili alasiri alipiga simu dukani kwenu. Akaja kwangu amebadilika sura, hakai. Akaniambia, 'Kesho naenda kumuuliza Mama mwenyewe. Nitamuuliza mara ya pili, nione kama atanyamaza tena.' Hakuniambia ni nani aliyepokea simu."

Mama aliinuka kwenye kiti.

"Futi," alisema. Hakusema Baba Fulani, hakusema mume wangu. "Simu ya dukani huipokea wewe."

"Sikuipokea."

"Ulimwambia nini mtoto?"

"Sikuipokea, nakwambia!" Mzee Futi aligeuka kutoka dirishani, uso umelowa. "Naapa kwa kaburi lake. Nimefanya mengi, hilo sikulifanya. Angepiga simu… angepiga simu mimi ningemwambia arudi. Nilikuwa nangoja apige!"

"Uongo."

"Mama, Baba hasemi uongo."

Alikuwa Muuguzi. Alikuwa amekishika kifuko cha unga kiganjani tangu muda ule, na sasa kilikuwa kimepondeka, nyama imetokeza katikati ya vidole. Hakuonekana kukijua.

"Ni mimi," alisema.

Kinyozi alicheka kicheko cha woga. "Dada, acha utani."

"Jumapili ile nilipita kumpima Mama presha. Baba na Mama walikuwa wamepumzika ndani. Simu ikalia dukani, nikaipokea. Akasema, 'Dada, nipe Mama.' Presha yake ilikuwa mia na themanini. Mimi ndiye niliyeipima. Nikaogopa, nikasema akimsikia sasa hivi ataanguka. Nikamwambia Mama amelala. Njoo kesho alfajiri, kabla Baba hajafungua duka. Mlango wa nyuma nitauacha wazi, nitakuwepo, nitakuwa nimeshampa dawa. Akasema saa hizo mabasi hayajaanza."

Alimgeukia Mama.

"Nikamwambia apande lori la mboga. Lile linalopita kwetu kila siku. Ni mimi niliyemwambia."

Hata Mwalimu alikaa.

"Saa kumi na moja nilikuwa jikoni kwenu, Mama. Nilifungua mlango wa nyuma, nikauwekea jiwe usijifunge. Nikakaa. Kukapambazuka. Baba akaamka, akaniuliza mbona mapema, nikasema zamu. Saa nne polisi wakaja. Wakaja kwa mlango wa mbele."

"Miezi kumi na minne," Kinyozi alisema. Hakuwa na mzaha tena. Uso wake ulikuwa wa mtoto. "Dada, miezi kumi na minne unatulisha, unatupima, unatuambia tulale."

"Nilisema nitawaambia wiki ijayo. Kila wiki ilikuwa na wiki yake ijayo."

Mzee Futi alitoka dirishani. Hatua tatu, nne. Alisimama mbele ya bintiye, kidole kimenyooka, mdomo umefunguka. Wote pale walilijua neno lililokuwa likija. Lilishawahi kutoka kwenye mdomo ule, siku ya bibi harusi, na kila mmoja aliliona likipanda kooni mwake.

"Kaa chini," alisema Mama.

"Huyu amemuua mwa…"

"Kaa chini, nimesema! Neno hilo ulishalitumia. Ulipewa mara moja, ukalimaliza. Humu ndani ya familia yangu halitamkwi tena."

Miaka thelathini na minane ya ndoa, Mzee Futi alikuwa hajawahi kuamrishwa. Alisimama akipepesa macho. Kisha akakaa kwenye kiti cha Kinyozi, akaushika uso wake kwa mikono yote miwili.

Mama akamgeukia bintiye.

"Alikuwa anakuja."

"Ndiyo, Mama."

"Kwangu."

"Kwako. Alisema nikwambie usiamke kumpikia. Alisema atakuja na chakula."

Mama alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka na alikuwa amefarijika, yote mawili kwa pamoja, na sijui kalamu ya kukueleza jambo hilo vizuri zaidi.

"Wewe nitakusema kesho," alimwambia Muuguzi. "Leo sina nguvu ya kukuchukia. Nenda ukanawe mikono."

Muuguzi alikwenda. Maji ya bomba yalisikika yakitiririka muda mrefu sana, hata Kinyozi akamfuata, akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani.

Mwalimu ndiye aliyekumbuka sufuria. Alidumbukiza vifuko, akangoja vielee, akaviopoa kwenye sahani moja na kuiweka mbele ya Mama. Hakuweka mbele ya mwingine.

Mama alitazama mvuke. Akakichukua kimoja kwa vidole, vijiti hakuvigusa. Usingeweza kujua kama ni chake au cha yule mwanamke. Akakitia mdomoni. Akatafuna. Chote. Akachukua cha pili.

"Chumvi imepungua," alisema.

Mzee Futi alilia kwa sauti. Mwaka mzima alikuwa amemsihi mkewe aseme neno lolote juu ya chakula.

Ungedhani sasa siku hii imetosha. Yule mwanamke naye alidhani hivyo. Alifungua aproni yake ya bluu, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Kisha akabaki amesimama, hakwenda wala hakukaa.

"Mama, nisamehe. Kuna jingine. Sikuja peke yangu."

"Umekuja na nani?"

"Yuko chini, kwenye ngazi. Amenisindikiza, halafu amekataa kupanda. Anasema hana uso wa kuwaonyesha."

"Nani huyo?"

"Dereva."

"Dereva gani?"

"Wa lori, Mama."

Kinyozi alitoka kule bombani kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Yule wa hospitali? Ametoka?"

"Huu ni mwezi wa tatu tangu atoke. Mguu mmoja waliukata."

"Niacheni nishuke mimi. Nikamwonyeshe kuendesha."

"Hushuki," alisema Mama. "Nashuka mimi."

"Mama, ngazi zile na magoti yako?"

"Magoti ni yangu."

Alitoka. Ngazi za mkahawa ule ni nyembamba na zina giza hata mchana, na upande mmoja zina bomba la chuma la kushikia. Mama alilishika. Alishuka ngazi moja, akapumzika. Akashuka ya pili. Kila aliposhika bomba aliacha unga, na waliomfuata nyuma, wote watano, walishuka wakizifuata alama zile nyeupe bila kuthubutu kumshika mkono.

Chini kabisa, mwanamume mmoja alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mwisho, amewapa mgongo. Magongo mawili yalikuwa yameegemezwa ukutani. Aliposikia miguu aligeuza shingo nusu tu, akaanza kuhangaika kuinuka.

"Usinyanyuke," alisema Mama.

Alinyanyuka. Alilishika bomba, akajivuta, akasimama kwa mguu wake mmoja akitetemeka. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, si kijana mzembe waliyemlaani miezi yote ile.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana. Msamaha nitauombaje? Nimekuja kwa sababu huyu mwenzetu ameniambia unaulizauliza swali." Alimtupia jicho yule mwanamke aliyekuwa juu, kisha akalirudisha. "Hata yeye sijamweleza. Nilisema wa kwanza kusikia awe wewe. Mama, nyinyi mliambiwa alikufa vipi?"

"Papo hapo," alijibu Mzee Futi kutoka ngazi za juu. "Polisi walisema. Hospitali walisema. Hakusikia maumivu."

Dereva alitikisa kichwa. Alikitikisa polepole, mara nyingi.

"Walisema hivyo kuwapunguzia. Tulipinduka bado giza, Mama. Watu wa kwanza kutufikia, jua lilikuwa limeshapanda. Mimi nimebanwa huku, yeye amebanwa huku, bega kwa bega. Kuonana hatuonani. Mwanzoni alikuwa akiniita jina langu. Baadaye akili ikaanza kumtoka, akawa ananiita jina jingine."

Mama alilishika bomba kwa mikono miwili.

"Jina gani?"

"Alidhani mimi ni wewe, Mama. Akaniuliza, 'Mama, na wewe unataka niende?'" Dereva alimtazama Mama usoni. "Akaniuliza mara tatu. Na mimi nikamjibu."